Kitambaa cha Kuchekechea Unga na Chaja za Kambi Muru

Silva huota mizizi. Hilo sikulisoma mahali. Nililiona kwa kioo cha kukuzia, kwenye kibao kidogo tulichokitoa ndani ya chaja ya betri za gari iliyokuwa ikitumika Kambi Muru, Kibera. Kati ya mistari miwili ya silva ambayo haikupaswa kukutana kamwe, kulikuwa na kitu kama mizizi ya kitunguu kilichosahauliwa kwenye kikombe cha maji. Kilikuwa kimetoka kwenye mstari mmoja, kikatambaa hadi kugusa wa pili. Hakuna mkono uliokichora. Mistari ile ilichapwa katika chumba nilichofanyia kazi, na ilipotoka kwetu kulikuwa na nafasi katikati. Niliangalia tena, kisha nikamwuliza injinia wetu, Mutiso, kama kioo ni kichafu.

"Kioo ni safi," alisema. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, na Mutiso hakuwa mtu wa kukaa kazini.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuchapa saketi mnaniuliza kila mara skrini ipi ni nzuri. Mnataka niwape namba. Namba nitawapa, lakini kwanza mjue kwa nini nikiona skrini mpya huwa naimwagia maji kabla ya kuiamini, hata kama mwenye duka ananiangalia kama mwendawazimu.

Nilianza na T-sheti, Kawangware, kwa fundi Karanja. Ukoo wake ulikuwa na ploti pale tangu enzi za mahindi, kabla ya vyumba vya kupangisha kuota kila upande, na ua wake ulikuwa umejaa fremu zilizoegemezwa ukutani kama magodoro yanayoanikwa. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kuchapa ni kazi ya kuziba na kuachia. Unavuta kitambaa chenye matundu madogo juu ya fremu; hiyo ndiyo skrini. Unakipaka dawa inayogandishwa na mwanga, hivyo matundu yanazibika kila mahali isipokuwa pale penye mchoro. Kisha unasukuma rangi kwa mpira, nayo inapita pale palipoachwa wazi tu.

Karanja alikuwa na desturi moja ambayo wote tuliopita mikononi mwake tuliichukua. Hakuamini macho. Akishavuta kitambaa, alikigonga kwa ukucha wa kidole cha kati na kusikiliza. Kikilia kama ngoma ya Jumapili, fremu imeiva. Kikilia kama godoro, anaanza upya. Saa yake ya kuvuta ilikuwa adhuhuri, jua likiwa kali na ua umekauka.

Wakati wa kampeni tulipata kazi ya kuchapa uso wa mheshimiwa mmoja kwenye T-sheti. Mwenzetu akachukua skrini ya nyuzi chache, ile ya kuchapa herufi nene. Skrini ya namna hiyo ina matundu makubwa na inamwaga rangi nyingi, na rangi nyingi haikai pale ulipoiweka. Ilitambaa ikaziba mstari uliotenganisha midomo. Tulipoanika, mheshimiwa hakuwa na mdomo. Wanawake waliokuja kuzichukua walizitazama kwa muda, kisha mmoja akasema, "Hapa ndio ametuahidi ukweli." Wakazibeba zote.

Tulicheka mwaka mzima. Sikujua kwamba siku moja nitaona jambo lile lile na nisicheke.

Baadaye niliajiriwa na kiwanda kidogo kule Industrial Area, kilichotengeneza chaja za betri. Kwa wale ambao hamkuwepo: miaka ya tisini, nyumba nyingi Kibera hazikuwa na stima. Mtu aliyekuwa na televisheni aliiwasha kwa betri ya gari, na betri ikiisha aliibeba kwa toroli hadi kibanda cha kuchaji chenye stima. Chaja yetu ilikuwa na taa mbili. Nyekundu ilimaanisha bado. Betri ikijaa, kibao kidogo ndani kilikata moto na taa ya kijani ikawaka. Mistari ya kibao hicho hatukuichonga kwa asidi kwenye shaba kama wengine. Tuliichapa moja kwa moja juu ya ubao wa karatasi ngumu, kwa rangi ya silva nzito kama dawa ya meno, kisha tukaioka.

Rangi ya silva ni ghali, maana ina unga wa madini ya fedha ndani yake, na unga huo ni punje. Hapo ndipo mambo ya skrini yanapoanza kuwa ya kweli. Tundu la kitambaa lazima lipitishe punje kubwa kuliko zote bila kubanana, kwa hiyo liwe pana angalau mara tatu ya punje hiyo. Mstari unaotaka kuuchapa uwe mpana kuliko uzi angalau mara tatu, la sivyo uzi mmoja utakaa katikati ya njia na kuukata. Tena usiuache mstari uende sambamba na nyuzi, kwa sababu ukingo utatoka na meno kama msumeno. Geuza kitambaa kidogo kwenye fremu, kikae mshazari. Mambo haya Mutiso alinifundisha kwa subira, na yote ni kweli.

Fremu za kiwanda zilivutwa na Karanja, maana ndiye niliyempendekeza na hakuna aliyevuta vizuri kuliko yeye. Kitambaa kilikuwa cha poliesta, kilichoagizwa nje. Mwaka mmoja mzigo ukachelewa bandarini, na skrini zetu zilikuwa zimechoka. Karanja alituma neno kwamba amepata kitambaa kingine, roli karibu nzima, kutoka kwa mtu aliyenunua mabaki ya kinu cha unga wa ngano. Ndicho walichochekechea unga. Alihesabu nyuzi kwa kioo, nami nikahesabu. Zilikuwa sawasawa na za poliesta yetu kwa kila sentimita. Akavuta, akagonga, ikalia kuliko zote alizowahi kuvuta. Tukachapa vibao kwa maelfu. Vyote vilipimwa mezani na kupita.

Nilichoona wakati huo ni kimoja tu: mkebe wa silva ulikuwa unaisha mapema kuliko kawaida. Nilimwambia Mutiso. Tukadhani rangi ya safari hiyo imekuja nyepesi.

Halafu mvua za Aprili zikaanza.

Mimi nilikuwa naishi Sarang'ombe, humo humo Kibera, na betri yangu niliipeleka kwa Odhiambo, aliyekodi kibanda cha kuchaji Kambi Muru. Alikuwa mtu wa Siaya, mpole, mwenye mazoea ya kupangusa betri za watu kwa kitambaa kabla ya kuzirudisha, kana kwamba ni watoto wanaokwenda kanisani. Jumamosi moja mchana, Mama Kerubo, muuza samaki wa kukaanga, alikwenda kuchukua betri yake. Aliinama kuishika, ikapasuka. Asidi ilimrukia shavuni na kwenye jicho. Jirani alimmwagia ndoo nzima ya maji usoni, na madaktari walisema ndoo hiyo ndiyo iliyoliokoa jicho. Lakini kwa majuma mengi aliona upande ule kama anayetazama ndani ya moshi.

Nilifika nikakuta watu wamejaa.

"Betri inachemka kama chai, na wewe uko hapo unasikiza boli kwa redio," kijana mmoja alikuwa anamwambia Odhiambo.

"Taa ilikuwa nyekundu," Odhiambo alisema. "Nyekundu ni bado. Mashine ilisema bado."

"Mashine imesema. Na masikio yako imesema nini?"

"Buda, si ungetoa tu," mwingine akadakia.

"Nikitoa kabla haijajaa, kesho ni wewe unakuja kunitukana hapa."

Alisema kweli, na hakuna aliyetaka kweli siku ile.

Jumatatu alibeba chaja hadi kiwandani kwa mguu. Watu wa stoo wakaifuta, wakaiweka mezani, wakafunga betri. Betri ilipojaa, taa ikageuka kijani, safi kabisa. Wakamrudishia. Chaja ni nzima, walisema, mzembe ni mtumiaji. Habari hiyo ilifika Kambi Muru kabla yake. Mwenye kibanda akampa hadi mwisho wa mwezi aondoke.

Jioni nilimkuta Odhiambo ameiweka chaja mapajani.

"Mama Nekesa, sasa hata mashine imenikana," aliniambia.

Nikamwambia ninakofanya kazi. Hakuwa anajua.

"Basi nyinyi ndio mnajua ndani yake. Niangalilie. Kama ni mimi nilimchoma yule mama, niambie tu ni mimi, nitahama. Lakini nijue."

Niliibeba Jumanne ndani ya kiondo. Mutiso aliipima mbele yangu mara mbili. Kijani, kijani.

"Iko sawa," alisema.

"Iko sawa hapa," nikamwambia. "Hapa kumekauka. Pale kwetu mtu anapikia chumba hicho hicho, anaoga hapo, anaanika nguo hapo. Mvua ikinyesha, hata kiberiti kinakataa kuwaka."

Hakubisha. Hilo nililipenda kwake. Tulikwenda jikoni, ambako chai ya saa nne ilikuwa inachemka kwenye sufuria kubwa, tukaiweka chaja karibu, mvuke ukiipitia, betri iliyojaa ikiwa imefungwa. Mpishi alituuliza kama tumekosa kazi. Taa ilikuwa kijani. Tukanywa chai. Nilikuwa nimefika nusu ya kikombe taa ilipogeuka nyekundu, ikabaki hapo hapo. Betri ilikuwa imejaa pomoni, na chaja ilikuwa inasukuma moto ndani yake kana kwamba ni tupu.

Mutiso aling'oa waya ukutani kwa nguvu hadi soketi ikatoka nayo.

Tukafungua kifuniko, tukaleta kioo, na hapo ndipo nilipoona mizizi. Alinieleza kwa maneno mafupi. Silva ikipata unyevu, na umeme ukivuta kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, inayeyuka kidogo kidogo na kujijenga upya mbele, hadi ivuke. Alikuwa amelisoma jambo hilo chuoni na hakuwahi kuliona. Ukikikausha kibao, daraja hilo jembamba linapitisha umeme kidogo sana, na chaja inajifanya nzima. Ukikilowesha, linafufuka. Tulikikausha kwa joto la oveni, kikapita mtihani. Tukakirudisha kwenye mvuke, kikafeli. Meza yetu ya kupima ilikuwa mahali pakavu kuliko pote katika maisha ya chaja ile.

"Lakini nafasi tuliyochora ni pana," Mutiso alisema. "Ingechukua miaka kuvuka." Akaleta filamu ya mchoro, akailaza juu ya kibao. Mistari ya kwenye kibao ilikuwa minene kuliko ya filamu, kingo zake zimechakaa kama ukili. Nafasi iliyobaki ilikuwa kama nusu ya ile tuliyochora. Nikamkumbuka mheshimiwa asiye na mdomo, na ule mkebe uliokuwa unaisha mapema.

Nikachukua fremu kutoka rafu. Niliigonga kwa ukucha. Ililia kama godoro.

Kesho yake nilikuwa Kawangware, nimeibeba fremu ile mgongoni. Karanja aliipokea, akaigonga, akakunja uso.

"Hii mmeifanyia nini? Mimi sikuwapa hii."

"Hatujaifanyia kitu. Uko na ingine ya roli hilo, kavu?"

Alikuwa nayo, ameivuta juzi yake kulipokuwa na jua. Akaigonga. Ngoma ya Jumapili. Nikaomba kikombe cha maji. Alidhani nina kiu. Nikayamwaga yote juu ya kitambaa, nikayasambaza kwa kiganja, tukangoja huku kuku wakitupita miguuni.

"Gonga."

Aligonga. Sauti ilikuwa imeshuka, kama mtu anayejibu akiwa chini ya blanketi. Akagonga pembeni. Akagonga katikati. Akainua fremu na kuangalia nyuma, kama anayetafuta aliyejificha.

"Na ile poliesta ya zamani?" aliuliza.

Tukaimwagia maji. Tukangoja vile vile. Akagonga, ikalia kama mwanzo. Hakuamini; akaenda mwenyewe kuleta maji mengine, akarudia zote mbili. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nyuzi ni sawa," alisema. "Si tulihesabu na wewe?"

"Nyuzi ni sawa. Kitambaa si sawa."

Ilikuwa nailoni. Watu wa vinu huipenda kwa sababu unga hauichubui upesi, na kwa kuchekecha unga sina neno baya juu yake. Lakini nailoni hunywa maji kutoka hewani na kulegea. Karanja aliivuta adhuhuri kwenye jua, ikalia vizuri; sisi tukaiosha kwa maji kila tulipomaliza, na kila siku ikalegea zaidi. Skrini iliyolegea hairuki juu ya ubao mara tu mpira unapopita. Inabaki imegandamana, rangi inasambaa chini yake, na mstari unanenepa. Kwenye T-sheti hakuna ambaye angeona. T-sheti haina umeme wa kuvuka.

"Hiyo sikio yangu," Karanja alisema, "imenidanganya miaka yote hiyo?"

"Haikudanganya. Ilisikiza siku yenye jua."

Nikamsimulia ya chaja na ya Mama Kerubo. Hatimaye akauliza, "Huyo mama, jicho linaona?"

"Linaona moshi."

Akaingia ndani, akavaa koti. "Twende," akasema.

Tulimpitia Mutiso kiwandani, tukaenda Kambi Muru sisi watatu, yeye akibeba chaja. Odhiambo alikuwa ameanza kufunga virago. Betri za watu alikuwa amezipanga nje, zimepanguswa. Tuliomba jiko na sufuria kwa jirani. Watu walikusanyika wenyewe, maana Kibera hakuna haja ya kuita mtu kuja kuona kitu. Mutiso alifunga betri iliyojaa, akawaonyesha taa ya kijani, kisha akasogeza chaja kwenye mvuke. Palikuwa na mzaha mwingi mwanzoni. Kijana yule wa boli aliuliza kama sasa tunapika betri.

Taa ikawa nyekundu. Mzaha ukaisha.

Mama Kerubo alikuwepo, amefunga leso juu ya jicho. Karanja alimweleza yeye, si umati: kitambaa alikileta yeye, kilikuwa cha kuchekechea unga, hakujua kinalegea. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo mimi nimechomwa na chujio ya chapati," alisema. Watu wengine walitaka kucheka, wakaona usoni mwake kwamba haujafika wakati wa kucheka. Kisha akamgeukia Odhiambo. "Nawe, toa hizo betri kwa mvua."

Odhiambo alizirudisha ndani moja moja. Mwenye kibanda hakuzungumzia tena mwisho wa mwezi.

Sasa zile namba mnazotaka. Idadi ya nyuzi ni namba ya kwanza, haiwezi kuwa ya mwisho. Uliza unene wa uzi, maana vitambaa viwili vya nyuzi sawa vinaweza kuwa na matundu tofauti. Uliza uzi ni wa nini. Kwa mistari myembamba sana na kazi nyingi, chuma kisichoshika kutu, kama kiwanda kinaweza kukilipia. Kwa wengi wenu, poliesta. Nailoni mwachie anayechapa chupa, kwa sababu inajikunja vizuri juu ya mviringo, na mwachie mwenye kinu. Ukishavuta, iache skrini ilale kwanza, itulie, kisha uivute tena. Nunueni kipimo cha kukaza, na mkitumie kila asubuhi, hasa asubuhi ya mvua. Kidole cha Karanja kilikuwa hodari, lakini hakikuwa Kambi Muru mwezi wa Aprili. Na kibao chenu kipimeni mahali kitakapoishi. Atakayekitumia hana chumba kikavu kama chenu. Kumbukeni pia kwamba fundi wa T-sheti akikosea, anaharibu T-sheti. Skrini ya kiwanda ikikosea, inarudia kosa lile lile kwa uaminifu, kibao baada ya kibao, mpaka mtu aisimamishe.

Kiwanda kilituma gari kukusanya chaja za wakati ule. Za Kibera zilirudi, za Kawangware zilirudi, nyingine zikaletwa kutoka Dagoretti kwa mkokoteni. Tulizifungua zote, na kwenye nyingi mizizi ilikuwa imeshaanza. Lakini kulikuwa na katoni iliyonunuliwa getini, ikapanda basi kwenda magharibi mwa Kenya, na mnunuzi aliacha jina moja tu, Wafula. Anayejua magharibi, ambako kila boma lina Wafula wake, anajua kutafuta Wafula ni kazi ya namna gani. Tangazo lilisomwa redioni. Hakuja mtu.

Kwa nje chaja zile hazina tofauti na nzima. Kwa hiyo nikienda nyumbani, huko huko magharibi, na kuona mtu anachaji betri, namwuliza swali moja: chai ikichemka karibu, au mvua ikinyesha, taa inakuwa rangi gani? Wengi hunicheka. Mmoja, sokoni, hakucheka. Alisema ya shemeji yake ilikuwa hivyo, nyekundu wakati wa mvua na kijani wakati wa jua, hadi shemeji akachoka nayo, akaiuza. Nilimwuliza aliyeinunua ni nani. Alisema ni mtu aliyekuwa anapita, na kwamba siku hiyo jua lilikuwa kali, na taa ilikuwa kijani.